Kiapo cha Ngao ya Kunguru

Petronela alikuwa katikati ya habari tamu ya binti wa mwenye kinu, na alikuwa amefika pale pa kusema jina la mwanamume, Bwana Achacy Rogowski alipolitamka neno lile.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wanaume panga kiunoni, wanawake glavu mikononi, na mlangoni palikuwa na ile shughuli ya kila wiki ya kuulizana nani kaposwa, nani kafilisika, nani kaonekana wapi. Sauti ya Achacy ikapanda juu ya sauti zote.

"Ile mbuga ya mtoni ni yangu! Na wewe Onufry usinijibu kama muungwana mwenzangu, kwa sababu wewe si muungwana. Babu yako alikuwa mtwana!"

Kengele ilikuwa bado inalia, lakini Petronela hakuisikia. Kitabu cha sala kilimponyoka kikaanguka kwenye vumbi, na hakuna aliyeinama kukiokota. Wanawake walimtazama yeye, wanaume wakamtazama mumewe.

Onufry Skwarski alifungua mdomo. Akaufunga. Mtu mpole yule, mrefu, mabega ya kulimia, lakini maneno kwake yalikuwa kama maji ya kisima cha kiangazi.

"Achacy!" Petronela alipata sauti kabla ya mumewe. "Umetoka kupokea ekaristi sasa hivi, na kinywa hichohicho ndicho unachokifanya jalala?"

"Mimi sibishani na wanawake, Bibi Skwarska. Mumeo kama ana ulimi, akautumie mahakamani. Alete mashahidi wake sita, tuone."

Akapanda farasi wake, akaondoka na watumishi wake watatu, akawaacha wengine pale wamesimama kama miti iliyopigwa na radi.

Sasa, Skwarki kilikuwa kijiji cha waungwana watupu, na waungwana wenyewe maskini wa kutupwa. Wanaume arobaini, wote jina lao Skwarski, mpaka ikabidi wapeane majina ya utani ili barua zifike: Skwarski Kibogoyo, Skwarski Shingo, Skwarski Bata. Walilima peku, upanga umetundikwa kwenye jembe. Wawili watatu panga zao zilikuwa za mti, chuma kilishauzwa. Wake zao walivuna na glavu ili viganja visifanane na viganja vya watwana wa bwana mkubwa wa ng'ambo. Lakini juu ya kila mlango, hata mlango wenye bawaba moja, alichongwa Kunguru: ndege mweusi mwenye pete mdomoni, amesimama juu ya kiatu cha farasi na msalaba. Na Kunguru huyo hakuwa wao peke yao. Alikuwa kwenye malango ya familia nyingine mia, majina mbalimbali, ngao moja, yaani alama moja ya ukoo. Mwenye kasri na mwenye ng'ombe mmoja wakikutana sokoni wakatambuana kwa Kunguru, huitana "bwana ndugu" na kukumbatiana, hata kama mmoja ananuka samadi.

Kwa hiyo kumwambia Skwarski kwamba ni mtwana lilikuwa jambo la kumtoa duniani. Sheria ilisema aliyetiliwa shaka alete mashahidi sita waape juu ya msalaba: wawili wa ngao ya baba, wawili wa ngao ya mama, wawili wa ngao ya bibi mzaa baba. Akiwapata, amesafishika. Akiwakosa, shamba lake, nyumba yake na upanga wake vinakwenda kwa mshitaki, na yeye na watoto wake wakatafute bwana wa kuwaweka kwenye ardhi yake kama watwana wengine.

"Kwa nini hukumjibu?" Petronela alimuuliza walipofika nyumbani.

"Nilishtuka, mke wangu. Ulimi uliganda."

"Basi uyeyushe. Mimi nakwenda kutafuta mashahidi."

Na kwa kutafuta watu Petronela hakuwa na mpinzani wilaya nzima. Hakuna ndoa asiyoijua, hakuna ubatizo aliokosa, hakuna ugomvi wa mpaka ambao hakuweza kukuelezea ulivyoanza na nani alimpiga nani kwa nini. Wa ngao ya mama aliwapata siku ya kwanza. Wa ngao ya bibi aliwapata siku ya pili, mmoja akiwa bado kitandani na homa. Akamwambia atamngoja apone, akamngoja, akampikia na supu. Wa ngao ya baba hata hawakuhitaji kutafutwa, kijiji kizima kilijitolea. Lakini mahakama hupenda mvi, basi akachagua wawili wakongwe kuliko wote: Maciej Kibogoyo, na Mzee Baltazar Shingo mwenye miaka themanini, binamu wa marehemu baba yake Onufry, mzee aliyempakata Onufry siku ya ubatizo wake.

Mchana wa kuamkia kesi nyumba ilijaa. Sita waliitwa, wakaja ishirini, maana harufu ya kabichi na mafuta ya nguruwe haina mipaka. Petronela alikuwa mwenye furaha licha ya yote. Nyumba ikijaa, yeye hunawiri.

"Mimi nitaapa mara mbili," Maciej Kibogoyo alitangaza, mtindi ukimchuruzika kidevuni, "ikiwa kuna bata wa pili."

"Wewe Kibogoyo, bata wa kwanza umemnyonya tu! Mwachie mwenye meno."

"Meno ya nini? Kiapo hakitafunwi."

Wakacheka, wakagonga vikombe. Mmoja akaanza kuiga mwendo wa Achacy akishuka farasi, tumbo mbele, na hata Onufry akatabasamu. Mzee Baltazar peke yake alikuwa hajagusa sahani.

"Ba'mkubwa, kula basi," Petronela alimhimiza. "Kesho kuna kazi."

"Nimeshiba, mkaza mwanangu."

"Umeshiba nini, hewa? Au mapishi yangu siku hizi hayakufai?"

Mzee alimtazama kwa muda, macho yake mekundu kingoni. "Mapishi yako ni mazuri kuliko ninavyostahili," akasema. Petronela akadhani ni heshima za kizee tu. Akamjazia kikombe, akahamia kwa mwingine.

Asubuhi mahakama ya ngomeni ilikuwa imefurika. Waskwarski wote arobaini walikuja, lakini ndani hawakuenea. Wengi walibaki uani wakirefusha shingo madirishani. Wanawake walisimama nyuma ya kizuizi cha mbao. Sheria haikuwapa ruhusa ya kusema, ilikuwapo nafasi ya kusimama tu.

Hakimu, Bwana Seweryn Karwat, mnene, mwenye pumzi fupi, aliketi na mkono wenye pete ya muhuri juu ya meza. Achacy alikaa mbele, miguu ameinyoosha kama yuko kwake.

Mashahidi wa ngao ya mama walipiga magoti, vidole viwili juu ya msalaba, wakaapa. Wa ngao ya bibi wakaapa, yule wa homa sauti ikimtetemeka. Maciej Kibogoyo akaapa kwa nguvu mpaka mate yakamfikia karani. Watano. Alibaki mmoja, na Petronela alikuwa tayari anahesabu viti vya karamu ya jioni.

Mzee Baltazar alipiga magoti taratibu, akishikilia ukingo wa meza. Akaweka vidole juu ya msalaba. Karani akamsomea maneno: kwamba Onufry ni damu ya ngao ya Kunguru, baba kwa babu.

Karani akangoja.

"Mzee, fuatisha," alisema karani.

Mzee Baltazar akaviondoa vidole kwenye msalaba kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Siwezi."

Hakimu akadhani hakusikia vizuri. "Huwezi kufanya nini?"

"Kuapa, Mheshimiwa. Si kweli."

Petronela alisikia kishindo, na baadaye sana ndipo akatambua kwamba yeye ndiye aliyekipiga kizuizi cha mbao kwa ngumi zote mbili. Watu mahakamani walivuta pumzi kwa pamoja. Maciej aligeuka kumtazama mzee mwenziwe, ufizi wote nje.

"Nina miaka themanini," Baltazar akaendelea, bado amepiga magoti, "nimeshaapa uongo mara moja katika maisha yangu, kwa ajili ya mpaka wa shamba la binamu. Mwaka uleule nilizika wana wangu wawili. Wawili, waheshimiwa. Sina tena cha kulipia kiapo cha pili ila roho yenyewe. Nilitaka kusema jana pale mezani, lakini niliwaona wanavyokula. Szczepan, babu yake Onufry, alikuwa mtunza farasi wa Bwana Skwarski mmoja aliyekufa vitani, huko kwa Wamoskovi wa Urusi. Alirudi na farasi wa bwana wake, tandiko la bwana wake na pete ya bwana wake. Mjane alikuwa na shamba na hana wa kulilima. Akamchukua awe mumewe. Kijiji kikakubaliana kwamba huyu ndiye ndugu wa marehemu. Baba yangu alinisimulia."

Petronela alimtafuta mumewe kwa macho. Onufry alikuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Hakuwa akijua. Hilo alilisoma usoni mwake mara moja, kama anavyosoma kila kitu usoni mwake. Miaka kumi na mitano amelala ubavuni pa mjukuu wa mtunza farasi, akivaa glavu shambani mpaka mikono ikachubuka, na watoto wanne nyumbani wanaojua kuchora Kunguru kabla ya kujua kusali. Alingoja chuki imjie. Haikuja. Kilichokuja ni baridi, kutoka nyayoni mpaka kooni.

Achacy aliangua kicheko. "Hamkunisikia Jumapili? Karani, andika! Andika kila neno, na hilo la tandiko usilisahau!"

Kalamu ilikuwa inakwaruza. Kila mkwaruzo, Petronela aliona kitu kinatoka: shamba, nyumba, jiko, vyungu vyake, ile meza ya watu ishirini.

"Ba'mkubwa!" alisikia sauti ikiita, na ilikuwa sauti yake.

"Mwanamke, nyamaza," alisema tarishi.

"Ba'mkubwa, mimi sikulaumu, nakuuliza tu! Mwaka kanisa lilipoungua na vitabu vyake vyote, ofisa wa mfalme alikuja Skwarki akataka kila mwanamume athibitishe uungwana wake upya. Ndivyo?"

"Ndivyo, mwanangu."

"Na nani aliyewaapia watu wa Skwarki?"

Mzee Baltazar alifumba macho.

"Mama mkwe wangu alinisimulia mara mia," Petronela akasema, na sasa hakuna aliyemnyamazisha, hata tarishi alikuwa amesahau kufunga mdomo. "Alikuwa anajisifia! Kwamba baba mkwe wake Szczepan, kwa sababu ana pete na ana sauti, alikiapia kijiji kizima siku moja, nyumba kwa nyumba, mpaka jioni sauti ikamkauka wakampa asali. Alimwapia baba yako, Ba'mkubwa. Alimwapia baba yake Kibogoyo."

"Wee!" alisema Maciej. "Mimi tena nimeingiaje?"

"Kiapo cha mtwana kwa muungwana si kiapo, sheria ndiyo inasema. Sasa ikiwa Szczepan alikuwa mtwana, hakuna aliyeapiwa. Si Onufry peke yake. Skwarki nzima haina muungwana hata mmoja!"

Uani, madirishani, ile habari ilikuwa inapita kutoka mdomo hadi mdomo, na zilianza kusikika sauti za "Nini?" na "Nani kasema?" na mtu mmoja akiita mama yake.

Petronela mwenyewe alishtuka alivyosikia anachosema. Hakuwa amekipanga. Kilitoka chenyewe, kama uzi unaovutwa na fulana yote ikaja. Na alipoanza kuvuta, hakuweza kuacha.

"Na wewe Achacy, unacheka nini? Mama yako alizaliwa wapi? Nyumba ya tatu kutoka kisimani, Skwarki! Kesho mtu akikusimamia mlangoni pa kanisa, mashahidi wa ngao ya mama utawatoa wapi? Utaazima?"

Kicheko cha Achacy kilibaki usoni bila sauti, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Na wewe, Mheshimiwa..."

"Bibi Skwarska," alisema hakimu kwa haraka.

"...mwaka ulipokuwa unakitaka hicho kiti, waliposema hujulikani, ulikuja kwetu kuomba ndugu wa ngao wakuapie. Nilikuwa mke mpya. Nilikuchinjia bata bukini wawili, na ulisifia mchuzi. Aliyekuapia ni baba mkwe wangu. Mwana wa Szczepan."

Bwana Seweryn Karwat aliutazama mkono wake juu ya meza, na polepole, kwa kidole gumba, akaizungusha pete mpaka Kunguru akaingia kiganjani.

"Karani," akasema, "pumzisha kalamu."

Yaliyofuata yalikwenda upesi kuliko kesi yoyote iliyowahi kusikilizwa ngomeni. Hakimu alimuuliza Achacy kama anaendelea na mashitaka. Achacy, jasho likimtiririka, akasema kwamba kwa kweli Jumapili ile alikuwa amekunywa kidogo, kabla ya misa, kwa sababu ya tumbo. Hakimu akasema maneno ya ulevi mlangoni pa kanisa ni kosa dhidi ya kanisa. Alete mishumaa ya nta, iwe faini yake. Mashitaka yamefutwa. Onufry Skwarski ni muungwana kama alivyokuwa jana, na mbuga ya mtoni ni yake.

Maciej Kibogoyo akarusha kofia. Uani wakaanza kushangilia bila kujua wanashangilia nini. Petronela alishika kizuizi, akaanza kulia na kucheka pamoja.

"Bado," alisema hakimu. "Maneno ya Bwana Achacy yalisemwa nje. Ya mzee huyu yamesemwa hapa, mbele ya msalaba, na yameshaandikwa. Hayawezi kubaki kitabuni yakiwa yamesimama peke yake. Aliyemtukana muungwana mahakamani, desturi yake inajulikana. Aingie chini ya benchi, aseme amesema uongo kama mbwa, na abweke mara tatu."

Kicheko cha Petronela kilikatika.

Aliwahi kuiona desturi hiyo, alipokuwa msichana. Kijana mmoja mlevi alibwekea chini ya benchi na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka. Lakini huyu ni Baltazar. Huyu ni mzee wa miaka themanini ambaye katika chumba kizima, leo, ndiye peke yake aliyesema kweli. Na aliyempeleka chini ya lile benchi ni nani? Ni yeye, kwa ulimi wake.

"Hapana," akasema. Safari hii hakuna aliyemsikia.

Onufry alikuwa ameinuka. "Mheshimiwa," akasema, na ulimi wake ulikuwa umeyeyuka kwa wakati mbaya kuliko wote, "Mheshimiwa, mzee asiende. Kama ni lazima, mimi nitasema kwamba..."

"Kaa chini, mwanangu!" Baltazar alimkata kwa ukali ambao Skwarki haikuujua. "Una watoto wanne. Kaa." Kisha akamgeukia hakimu, bado magoti sakafuni. "Mheshimiwa, nikiwa chini ya benchi, msalaba unaletwa?"

"Hauletwi. Huapi, unabweka."

"Na hayo maneno, kwamba nilisema uongo. Hayo, Mheshimiwa, siwezi. Hata nikatwe kichwa. Lakini kubweka..." Akafikiri, kwa utulivu, kama mtu anayechagua mbegu. "Kubweka naweza. Mbwa hana ahadi na Mungu."

Karani alimtazama hakimu. Hakimu alikitazama kiganja chake kilichofumbata pete.

"Basi abweke tu," akasema, sauti imemshuka. "Abweke twende zetu."

Mzee Baltazar alikwenda kwa mikono na magoti. Benchi lilikuwa fupi, na shingo yake ile ndefu iliyompa jina ilibidi aikunje mpaka kidevu kikagusa kifua. Nyayo za viatu vyake zilibaki nje, kisigino kimoja kimetoboka. Petronela aliziba mdomo kwa mikono yake yenye glavu.

Akabweka. Mara ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Mara ya pili ilitoka kweli, kama mbwa mzee anayemsikia mgeni mbali. Watu walikuja wamejiandaa kucheka, na baadhi walikuwa wameshafungua vinywa. Vinywa vikabaki wazi hivyohivyo, bila kitu ndani. Achacy alitazama dari. Mara ya tatu sauti ilikatika katikati, na chini ya benchi kukawa hakuna kinachosikika ila pumzi.

Mzee hakutoka. Alikuwa ameshindwa kujigeuza. Onufry aliruka kizuizi cha mbele, akalala kifudifudi sakafuni mbele ya mahakama yote, upanga ukagonga mawe, akaingiza mabega yake mapana chini ya benchi. Walikaa humo muda kidogo, miguu minne nje. Hakuna aliyejua wanaambiana nini. Kisha Onufry akatoka kinyumenyume akimvuta taratibu, mkono umelinda kichwa cha mzee kisigonge ubao.

"Niandike nini?" karani alinong'ona.

"Andika: amebweka," alisema hakimu.

Nje, jua lilikuwa kali na Waskwarski waliwazunguka kama nyuki. Walikuwa wamesikia nusu, na nusu yenyewe imepita madirishani imeharibika. "Vipi, Petronela? Ni kweli mzee kapagawa? Ni kweli sisi sote si... Hebu sema basi, wewe ndiye mwenye habari! Tumeshinda?"

Walisimama kumsikiliza, wanaume arobaini wenye panga, wengine za mti. Maishani mwake hakuwahi kupata watu wengi kiasi hicho wakisubiri neno lake.

Nyuma yao, kwenye ngazi, Onufry alikuwa amepiga goti akimpangusa Mzee Baltazar vumbi magotini, na mzee amemshika bega ili asianguke.

"Tumeshinda," alisema Petronela.

Wakangoja aendelee. Akapita katikati yao, akivua glavu zake kidole kimoja kimoja, akaenda kumshika mzee mkono wa pili.